Koki ya Uani Inavuja: Ringi, Fundi au Koki Mpya?

Kabla hujaenda sokoni kuulizia bei ya koki mpya, weka chupa ya nusu lita chini ya ile inayovuja na utazame saa. Chupa ikijaa kwa nusu saa, koki inamwaga lita moja kila saa: lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi wa siku 30. Hivyo ni vidumu 36 vya lita 20. Ikijaa kwa dakika 10, ni lita 2,160 kwa mwezi, vidumu 108, zaidi ya mita mbili za ujazo kwenye ankara. Ikichukua saa tatu kujaa, ni vidumu sita tu. Kwa hesabu hii utajua kama fundi aitwe leo hii au asubiri hadi mshahara, na ajabu ni kwamba watu wengi huiruka. Wanasikia tone likianguka usiku, wanakasirika, wanakwenda dukani asubuhi na kurudi na koki nzima, ilhali kilichoharibika ni ringi, kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati.

Maji hayo yanayopotea yana bei mbili. Ya kwanza ni ya ankara. REGIDESO, shirika la serikali linalosambaza maji na umeme katika miji ya Burundi, huhesabu maji kwa mita za ujazo, na lita 720 hazifiki hata mita moja. Ukiitazama bei hiyo peke yake, utajiambia tone ni tone tu. Bei ya pili ndiyo inayouma. Ni ile unayolipa siku maji yamekatika, unapomsimamisha kijana mwenye baiskeli iliyofungwa vidumu vya njano na kununua kidumu kimoja kimoja. Maji ya baiskeli huzidi ya mita kwa mbali, maana unalipia miguu ya mtu na mlima alioupanda. Pipa la akiba la lita 200 lenye koki inayomwaga lita 24 kwa siku huisha kwa siku nane bila mtu yeyote kuchota kikombe. Kwa hiyo kama koki inayovuja imeunganishwa na tangi au pipa lako, hesabu hasara kwa bei ya baiskeli. Kama imeunganishwa moja kwa moja na bomba la mji, hesabu kwa bei ya ankara, na upunguze zile saa ambazo maji hayatoki kabisa.

Mashirika ya misaada yanayofuata viwango vya Sphere hulenga angalau lita 15 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha. Katika eneo la Muyinga, ambako kambi ya Gasorwe imewahifadhi wakimbizi wa Kongo kwa miaka mingi, vipimo vya namna hiyo si vya kwenye karatasi. Koki ya lita 24 kwa siku inamwaga fungu la mtu mmoja na nusu, kila siku, kwenye tope.

Bei za dukani sitaziandika kwa faranga. Faranga ya Burundi imeshuka sana miaka hii, mafuta ya gari yamekuwa yakiadimika na kupandisha nauli za mizigo, na bei ya koki ya Januari si ya Juni. Nitalinganisha kwa uwiano, na wewe ujaze namba za siku hiyo. Uwiano haubadiliki haraka: ringi ni senti mbele ya koki, koki ya plastiki ni rahisi mbele ya ile ya chuma cha njano, na ufundi mara nyingi hukaribia au kuipita bei ya koki rahisi yenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalogeuza hesabu nzima, nami nitalirudia.

Kwanza, tazama maji yanatokea wapi. Koki huvuja mahali panne, na kila mahali pana bei yake.

Yakidondoka mdomoni wakati koki imefungwa, ni ringi ya ndani, au kitako ambacho ringi hiyo hukalia. Yakitoka juu, chini ya mkono, wakati koki imefunguliwa, ringi haina kosa. Ni kifungashio cha mhimili kilicholegea. Yakitambaa nyuma, pale koki inapoingia ukutani au kwenye bomba, ni meno yaliyofungwa vibaya. Na yakitoka kwenye ufa wa mwili wa koki, hapo hakuna mjadala, ni koki mpya.

Tatizo la pili, la kifungashio, ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu huwa halina gharama kabisa. Chini ya mkono wa koki za kuzungusha kuna nati ndogo inayobana kifungashio. Ikazwe robo ya mzunguko kwa spana, si zaidi, kisha jaribu koki. Mara nyingi maji hukoma hapo hapo. Yasipokoma, fungua nati hiyo, sokota kipande cha tepu nyeupe ya mabomba kiwe kama uzi, kizungushie mhimili kufuata mwendo wa saa, kisha urudishe nati. Tepu moja inatosha koki zote za nyumba na za jirani. Nimeona koki nzuri kabisa za uani zikitupwa kwa ajili ya kasoro hii, na mwenye nyumba akilipia mpya pamoja na ufundi, ilhali robo ya mzunguko wa spana ingemaliza kazi.

Ringi ya ndani nayo ni kazi ya mtu yeyote mwenye spana mbili na subira kidogo. Funga maji kwenye mita, au kwenye koki ya kufungia kama nyumba yako inayo. Fungua koki ya uani ili maji yaliyobaki yatoke. Sasa hapa ndipo kazi nyingi huharibika: shika mwili wa koki kwa spana moja, na ufungue kichwa kwa ile nyingine, ile inayorekebishwa mdomo ambayo mafundi huiita spana malaya. Ukitumia spana moja tu, nguvu yote inaingia kwenye bomba lililo ukutani. Bomba la chuma la zamani linaweza kuvumilia. Kiunganishi cha plastiki, cha yale mabomba ya PPR yanayounganishwa kwa joto, kinaweza kupasuka ndani ya plasta, na ringi ya senti ikageuka kuwa kazi ya kuvunja ukuta.

Kichwa kikitoka, utaiona ringi mwishoni mwa kijiti. Ile iliyokufa ina mfereji wa duara uliochimbwa na ukingo wa kitako, na mara nyingi imekauka hadi inakatika ukiikunja. Ichukue hiyo hiyo mkononi uende nayo dukani, maana ringi hutofautiana kwa unene na kwa upana wa tundu, na maelezo ya mdomo hayatoshi. Kabla hujaweka mpya, ingiza kidole ndani ya koki na upapase kitako. Kikiwa laini pande zote, ringi mpya itadumu. Ukihisi bonde au mkwaruzo, ringi mpya itakatwa pale pale na baada ya muda mfupi utarudi ulikotoka. Kuna kifaa kidogo cha kusaga kitako kikae sawa, na fundi mwenye nacho anastahili kuulizwa kwanza kuliko asiyekuwa nacho, kwa sababu yule anaweza kuokoa koki ambayo huyu ataiondoa.

Wengine hukata ringi kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Siku maji yanamwagika na duka limefungwa, ni busara. Lakini mpira ule ni laini na mwembamba. Hubonyea, huingia kwenye tundu la kitako, na mtu akishaona tone anaikaza koki kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo inakula kitako. Uweke kwa siku chache, kisha nunua ringi halisi. Ukinunua, nunua kadhaa za kipimo chako na uzihifadhi ndani, mbali na jua. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika nyumba, na siku ya kuhitajika ndiyo siku ambayo duka halinacho.

Sasa tuseme koki imekwisha kweli. Dukani utaonyeshwa aina tatu au nne, na muuzaji ataanza na ile inayong'aa.

Ya plastiki ndiyo rahisi. Haishiki kutu, na wezi wa chuma chakavu hawana haja nayo, jambo ambalo si dogo kwa bomba lililo karibu na barabara. Udhaifu wake ni jua. Mionzi hukausha plastiki, mkono unakatika mikononi mwa mtoto, na meno yake yakikazwa kupita kiasi hupasuka. Ukiiweka mahali penye kivuli, kwenye msukumo mdogo, chini ya tangi fupi kwa mfano, itakufaa vizuri tu. Kwenye ukuta unaoelekea magharibi katika kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, usiitegemee.

Ya pili ni ile nzito ya kuzungusha, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki ambao mafundi huuita brasi. Ndani ina ile ringi ya mpira tuliyoizungumza. Imekuwapo mjini kwa vizazi, kila fundi anaijua, na kila sehemu yake inafunguka na kubadilishwa. Ya tatu ni ya robo mzunguko, yenye mkono mrefu na tufe lenye tundu ndani. Inafunguka na kufungika kwa kusukuma mkono mara moja, na haihitaji nguvu, kwa hiyo wazee na watoto huifunga vizuri. Lakini mchanga ni adui yake. Maji yanaporudi baada ya kukatika huja na udongo na kutu, chembe hizo zikakwaruza zile pete laini zinazobana tufe, na ikianza kuvuja, kwa zile za bei ya chini hakuna cha kubadilisha ndani. Unatupa yote. Ukiwa nayo, iwe imefunguliwa kabisa au imefungwa kabisa. Kuiacha nusu kunaharakisha kifo chake. Na isifungwe kwa ghafla, maana maji yaliyokuwa yanakimbia yakisimama mara moja hupiga mabomba yote ya nyumba, na mshindo huo unalegeza viungo.

Ya nne ni ile ya kuangalia kwa makini: zinki iliyopakwa rangi ya kung'aa, inayouzwa kama brasi kwa bei ya karibu na brasi. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu haigandi kwenye zinki wala kwenye brasi; inagundua chuma tu. Pima uzito kwa mikono miwili, moja ukishika koki unayoijua na nyingine hiyo mpya. Kisha geuza koki utazame meno yake ya nyuma na ndani ya mdomo, mahali ambapo mpako ni hafifu. Kwaruza kidogo kwa ufunguo. Brasi inaonyesha njano, zinki inaonyesha kijivu cheupe. Muuzaji mwaminifu hatakataa ukwaruze pale nyuma ambapo hapataonekana. Akikataa, nenda duka la pili.

Turudi kwenye uwiano. Tuchukue mfano: koki ya plastiki ni fungu 1, ya brasi ni mafungu 3, na fundi anadai fungu 1 kwa kuja na kufunga. Dukani brasi inaonekana ghali mara tatu. Ukutani, plastiki imekugharimu mafungu 2 na brasi 4, yaani mara mbili tu. Kwa hiyo brasi haihitaji kudumu mara tatu ya plastiki ili ikulipe. Ikidumu zaidi ya mara mbili, umeshapata faida. Na kwa kuwa ile brasi baada ya hapo inaweza kufufuliwa kwa ringi, huku plastiki ikinunuliwa upya, pengo linazidi kuwa kubwa kila mwaka. Lakini kwa mtu anayeweza kufunga koki mwenyewe, hesabu inarudi kuwa 1 kwa 3, na plastiki inapata nguvu tena. Ndiyo maana ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote: mjane anayemlipa fundi kila mara ana sababu kubwa zaidi ya kununua brasi kuliko kijana mwenye spana, ingawa mfukoni mwake huenda mna kidogo kuliko mwa kijana. Kama fedha haitoshi kwa brasi leo, bora abadilishe ringi ya ile ya zamani na asubiri, kuliko kununua zinki inayong'aa.

Ufundi wenyewe una hesabu yake. Fundi hutoza safari na muda, na safari ya kubadilisha ringi moja ni sawa na safari ya kubadilisha ringi tano. Ukimwita, mwonyeshe koki zote za nyumba: ya uani, ya bafuni, ya jikoni, ya tangi. Mwambie: "Fundi, fungua kwanza tuone ndani, ndipo tuongee bei." Mkubaliane bei ya vifaa mbali na bei ya ufundi, na vifaa ununue mwenyewe kama duka liko karibu. Fundi mzuri hatachukia. Atakachochukia, na kwa haki, ni kununuliwa koki mbovu kisha kulaumiwa inapovuja.

Katika kufunga koki mpya, mtazame anavyozungusha tepu kwenye meno. Ifuate mwendo wa saa ukiyatazama meno kwa mbele, la sivyo itajikunjua koki inapoingia. Na koki ikishakazwa hadi mdomo ukaelekea pembeni, asiirudishe nyuma ili inyooke. Tepu ikishabanwa haivumilii kurudi nyuma, na tone litaanza siku hiyo hiyo. Aizungushe mbele, au aitoe yote na kuanza upya na tepu nyingi zaidi. Kwenye mabomba ya zamani ya chuma, ambayo meno yake yameliwa na kutu, nyuzi za katani pamoja na mafuta yake ya kubania hushika vizuri kuliko tepu, na husamehe kurudi nyuma kidogo. Kabla ya yote hayo, afungue maji kwa sekunde chache bomba likiwa wazi, tope litoke. Fundi anayefunga koki mpya juu ya bomba lenye mchanga anaiua kabla haijatumika.

Mji nao una hesabu yake: Gitega na Muyinga hazina soko moja. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, nyumba zinajengwa Nyabiharage, Bwoga, Magarama na kwingineko, na maduka ya vifaa vya ujenzi yanafuata nyumba. Una nafasi ya kulinganisha, na unaweza kwenda duka la tatu bila kupoteza siku. Bidhaa nyingi hupanda kutoka Bujumbura, na nauli ya mlima imo ndani ya bei.

Muyinga iko kwenye barabara ya Kobero, mpaka ambao malori kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kahama na Ngara huingilia Burundi. Mtu angetarajia koki ziwe rahisi zaidi pale. Usifanye haraka kuamini. Lori lililofungwa kwa ajili ya Bujumbura halishushi koki Muyinga. Linapita, na bidhaa ikishafika kwa mfanyabiashara wa jumla hulipiwa safari ya kurudi. Kuhusu kuvuka mwenyewe hadi Kabanga au Ngara, fanya hesabu yote: nauli, siku nzima, na hasa kubadilisha faranga kuwa shilingi, maana kiwango cha mtaani na kile cha benki vimeachana sana. Kwa koki moja hailipi. Kwa majirani watano wanaotaka koki mbili mbili pamoja na ringi na tepu, inaweza kulipa. Na hapa watu hudanganyana: Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya zina nafuu ya ushuru, lakini koki iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu tu ilinunuliwa Kahama. Uliza kwa watu wa forodha kabla hujajaza mfuko.

Tofauti kubwa kati ya miji hii miwili, kwangu mimi, ni vipuri. Koki yoyote inauzwa. Je, ringi yake au kichwa chake vinauzwa hapo hapo? Zile za kisasa zenye diski za kauri ndani hufunga vizuri na kudumu, lakini kiini chake kina vipimo vya kiwanda fulani, na kikifa unaweza kuzunguka Gitega nzima ukakikosa. Muyinga ndiyo usiseme. Kwa hiyo Gitega ningenunua brasi ya kuzungusha ya nusu inchi, na ningemruhusu mwenye maji safi na tangi lenye chujio achukue ya robo mzunguko iliyo nzuri. Muyinga, na zaidi vilima vilivyo nje ya mji ambako mabomba ya jamii husimamiwa na kamati za watumiaji, ningenunua ile ya kuzungusha bila kusita, pamoja na ringi za akiba siku hiyo hiyo. Dukani, kabla ya kutoa pesa, sema: "Niuzie na ringi zake." Asipokuwa nazo, hiyo si koki yako.

Ushauri mwingi unaotoka Ulaya na Marekani kuhusu koki za nje unahusu baridi: kumwaga maji bombani kabla ya majira ya barafu, koki ndefu zinazofungia ndani ya ukuta. Huku haukuhusu. Gitega iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Julai zinataka sweta, lakini bomba halipasuki kwa barafu. Kinachopasua mabomba yetu ni msukumo. Kila mita 10 za kushuka kutoka kwenye tangi la mji huongeza bar 1, na katika mji wa vilima jirani wawili wanaweza kuishi na misukumo tofauti kabisa. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi ina bar 6 koki zote zikiwa zimefungwa. Usiku watu wakilala, msukumo hupanda, ndiyo maana koki yako inatulia mchana na kudondoka usiku wa manane. Kwenye koki za robo mzunguko utasoma PN10 au PN16. Maana yake mwili umepimwa kuvumilia bar 10 au 16. Ringi ya mpira ina maoni mengine. Kama kila ringi unayoweka inakufa upesi na kitako ni kizima, acha kununua ringi. Mwombe fundi apime msukumo, na ulinganishe bei ya kipunguza msukumo kimoja kinachofungwa baada ya mita na bei ya kutengeneza koki za nyumba nzima kila mara.

Mita yenyewe ni kipimo usichokilipia. Funga koki zote, mwambie kila mtu asiguse maji, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kinachozunguka usoni mwa mita. Kikisogea, kuna pengine panapovuja, labda bomba lililofukiwa kuelekea uani, na koki mpya haitakusaidia. Panapovuja baada ya mita ni pako, unalipia. Panapovuja kabla ya mita, toa taarifa REGIDESO na usiruhusu fundi wa mtaani aguse.

Uani mwa nyumba za kupanga kuna shida ambayo spana haiitibu. Familia nne zinatumia koki moja, ankara inagawanywa kwa vichwa au kwa milango, na koki inayovuja ni ya kila mtu, maana yake si ya mtu. Mwenye nyumba anasema wapangaji ndio wanaoiharibu. Wapangaji wanasema nyumba si yao. Huku wakibishana, chupa inajaa. Msimamo wangu ni huu: koki na bomba ni sehemu ya nyumba na ni juu ya mwenye nyumba; ringi ni matumizi na ni juu ya wanaochota. Wagawane hivyo na waandike kwenye karatasi ya upangaji. Ringi ikigawanywa kwa familia nne haimlemei mtu. Na mwenye nyumba akiona anabadilisha koki mara kwa mara, anunue ile yenye tundu la kufuli, au inayojifunga yenyewe mkono ukiachiwa, kama zile zinazowekwa kwenye mabomba ya umma. Zinagharimu zaidi, lakini huondoa lile kosa kubwa kuliko ringi zote: koki iliyoachwa wazi maji yalipokatika saa kumi, na maji yakarudi saa nane usiku watu wamelala. Usiku mmoja wa namna hiyo unamwaga maji mengi kuliko miezi ya matone.

Matunzo ni machache. Koki isikazwe kwa nguvu za mkono wote, ikishasimama, inatosha. Ikihitaji nguvu, ringi imekwisha. Kamba ya ng'ombe au ya kuanikia nguo isifungwe kwenye bomba la uani. Bomba la plastiki lililo juu ya ardhi lifukiwe au lifunikwe, maana jua linalokula koki linalila nalo. Mhimili mgumu usipakwe oili ya gari, ambayo hudhuru mpira na kuchafua maji ya kunywa. Upakwe mafuta ya silikoni kidogo tu. Maji ya kwanza ya asubuhi, yaliyolala ndani ya koki ya brasi, yaende kwenye mchicha au ndoo ya kudekia, kwa sababu brasi nyingi zina risasi kidogo ndani yake. Yatoke sekunde chache, ndipo ukinge ya kunywa. Na kama utaongeza kitu kimoja tu mwaka huu, ongeza koki ya kufungia kwenye njia inayokwenda uani. Bila hiyo, ringi ya uani inakulazimu kuzima maji ya nyumba nzima, na ndiyo sababu kazi ya dakika kumi huahirishwa hadi kitako kinaharibika.

Koki ya zamani ikishatolewa, isiondoke kwenye mfuko wa fundi bila neno. Brasi chakavu huuzwa kwa uzito, na hata usipoiuza, mkono wake, nati na kichwa chake ni vipuri vya koki nyingine ya aina hiyo hiyo. Mwambie akuachie, au kama anaitaka, ipunguzwe kwenye ufundi.